Bega la Chiriku

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu
Binti yangu kaniletea daftari hili kutoka kazini kwake, kiwanda cha mikate. Anasema, "Mama, kila kinachokukera kiandike humu, uwapumzishe watu." Nikamuuliza watu gani, mimi naishi na nani zaidi yako? Akacheka kidogo. Binti yangu hacheki ovyo, kwa hiyo nimelipokea.

Kuandika najua. Shule nilikaa miaka miwili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Herufi zilizobaki nilifundishwa na mjukuu wangu akiwa darasa la kwanza. Akitoka shule ananikalisha kwenye kigoda, anasimama na rula kama mwalimu mkuu. "Bibi! Hii m ina miguu mitatu, wewe umeipa miwili, itatembeaje?" Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukufungwa hata ukiwa na chakula ndani.

Chiriku alipotea akiwa na miaka saba. Sasa angekuwa na kumi na minane. Nimeliandika mapema ili nisilizungukezunguke.

Jumatano, tarehe 5
Mvua ya kwanza. Ya kulowesha vumbi tu. Nimeanika, nimeanua, nimeanika tena.

Jumamosi, tarehe 8
Leo nimetoa gauni sandukuni. Kila mwaka masika yakianza nalitoa, maana ndiyo majira aliyopotea. Ni sare ya shule, ya kijani. Chiriku alikuwa nazo mbili. Moja aliondoka nayo mwilini, hii ilikuwa kwenye kamba.

Mimi ni fundi cherehani. Sare za watoto nazishona na upindo mpana kwa ndani, mtoto akirefuka nafumua nashusha. Mwaka uliofuata baada ya kupotea nikalishusha hili. Akirudi avae nini? Upindo ulipoisha nikaanza kuunga: kipande chini, kipande ubavuni, kipande kwenye mikono. Kijani cha dukani hakifanani mwaka hadi mwaka, basi gauni limekuwa na mistari, juu pamepauka, chini pabichi. Binti yangu nikilitoa huondoka chumbani. Aliwahi kuniambia, "Mama, hilo ni gauni au ni kaburi?" Nikamwambia atoke na mdomo wake.

Vipimo nachukua kwa binti wa mama muuza mkaa, jirani yetu. Alisoma darasa moja na Chiriku, wakilingana mpaka nyayo, wakibadilishana viatu njiani. Kila mwaka namwita, anasimama katikati ya chumba, ananyoosha mikono, nampima. Leo kaja, kichwa kinagusa fremu ya mlango.

"Bibi fundi, mimi mwaka huu namaliza shule."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwakani utampimia kwa nani? Mimi sitakuwa na sare."

Nikamwambia geuka nipime mgongo, maswali uyapeleke darasani. Akageuka. Lakini swali lake bado liko hapa mezani, limekaa kama mgeni asiyeaga.

Kitu kimoja tu sichukui kwake: bega. Chiriku alizaliwa na bega la kushoto lililoshuka. Si kilema. Lilishuka kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo akasahau kuitua. Nguo zake zote nilikata bega la kushoto chini kwa upana wa kidole kimoja, ndipo kola inakaa. Gauni hili nimeliunga kila mahali, ila mabega sijayagusa ukataji wake. Nimeyapanua tu, na la kushoto liko chini pale pale.

Jumanne, tarehe 11
Muuza mkaa kaleta magunia yake kibarazani kwangu yasilowe. Nikamwambia kibaraza changu si ghala. Akasema, "Bibi fundi, mkaa ukilowa utapikia hasira zako?" Nimemwachia nusu ya kibaraza.

Alhamisi, tarehe 13
Mvua kama ya siku ile.

Siku ile paa la darasa lilivuja, walimu wakafunga shule mapema, wakawaambia watoto waende nyumbani. Binti yangu alitoka kiwandani saa ile ile ya kila siku, akakuta geti la shule na matope. Binti wa muuza mkaa, naye mdogo wa miaka saba, alisema Chiriku alimfuata mtu mwenye mwavuli. Mara mwavuli mweusi, mara mwekundu. Askari walimuuliza mpaka akajikojolea. Baada ya hapo hakuna aliyeona kitu, hakuna aliyesikia kitu, mpaka leo. Wapelelezi wamebadilishwa watatu. Kila mmoja anakuja na jalada lilelile na pole mpya.

Binti yangu sijamlaumu. Lakini mvua ile aliiona kama nilivyoiona mimi. Angeomba ruhusa atoke mapema. Mimi ningeomba.

Mwaka juzi aliitoa picha ya mtoto ukutani. Anasema inamuumiza. Mimi naona anasahau. Anayesahau hawezi kusema nasahau, atasema naumia.

Jumapili, tarehe 16
Hakuna kitu. Nimeshona kola nne.

Jumatatu, tarehe 17
Kaja mpelelezi mpya, wa nne huyu, mwanamke kijana, viatu vya matope mpaka kwenye kifundo. Alivivua mlangoni bila kuambiwa. Nikamwandikia alama moja kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeleta pole ipi?"

Hakukasirika. Alimsubiri binti yangu akae, ndipo akasema. Kuna binti amejileta kituoni. Amelelewa kwenye makao ya watoto mbali na hapa. Alipelekwa pale na dereva wa lori, aliyemwokota kwenye kituo cha kujaza mafuta, mdogo, ana homa kali, hajui jina lake wala la mama yake. Mwezi uliopita ameiona picha ya Chiriku kwenye simu ya mtu. Miaka inalingana. Mwaka aliookotwa unalingana.

"Nitawachukua mate, mama na huyo binti, maabara wapime," mpelelezi akasema. "Majibu yatachukua muda. Nawaomba, msijenge nyumba juu ya hili."

Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akasema, "Yuko wapi sasa hivi?"

Mimi? Mimi niliinuka nikaenda kuchochea jiko lililokuwa limezimika.

Jumatano, tarehe 19
Binti yangu kaosha nyumba nzima. Kaosha hata miguu ya cherehani. Nimemwambia hiyo inapakwa mafuta, haioshwi. Hakusikia.

Alhamisi, tarehe 20
Leo lazima niandike kirefu.

Walifika mchana, mvua ikiwa imepumzika. Mpelelezi mbele, nyuma yake binti mwembamba, begi moja mgongoni, sweta limemzidi. Amekodoa macho kama mtu anayeingia ofisini kuomba kazi. Uso? Uso wa miaka saba na uso wa miaka kumi na minane si uso mmoja. Macho makubwa, ndiyo. Paji la uso, labda. Nilitafuta mpaka nikachoka.

Binti yangu hakutafuta. Alimkumbatia pale pale mlangoni, begi na mwavuli wa mpelelezi vyote vikaangukia magunia ya mkaa. Muuza mkaa alikuwa amesimama kibarazani akajifanya anahesabu magunia yake, huku machozi yanamtoka.

Tukakaa. Tukanywa chai. Mgeni alishika kikombe kwa mikono miwili kama kitaporwa. (Nitamwita Mgeni, jina lake la makao aliomba lisitumike tena.) Aliulizwa anakumbuka nini. Akasema anakumbuka mvua, na kitambaa kilicholowa usoni. Binti yangu akasema, "Mwavuli!" Mgeni akasema, "Labda." Mtoto mkweli. Angesema ndiyo, nani angembishia?

Halafu binti yangu akafanya jambo ambalo hajalifanya miaka yote hii. Akaenda sandukuni mwenyewe, akalitoa gauni.

"Jaribu hili, mwanangu."

Nikasema, "Mwache apumzike."

"Mama, mwache ajaribu."

Mgeni akaingia chumbani, akatoka nalo. Likamkaa. Urefu chini ya goti, kiuno mahali pake, mikono inafika. Binti yangu akaziba mdomo. "Mama, unaona? Unaona? Miaka yote umekuwa ukimshonea yeye!" Hata mpelelezi aliacha kuandika.

Nilitaka kusema, nimemshonea kwa vipimo vya binti wa muuza mkaa. Gauni hili lingemkaa yeyote mwenye kimo cha yule. Binti yangu anajua ninavyopima, lakini wakati ule alikuwa amelisahau hilo, au alitaka kulisahau.

Nami sikuwa naangalia urefu. Nilikuwa naangalia bega. Upande wa kulia limelala vizuri. Upande wa kushoto limekaza, kola imevutwa, mikunjo mitatu imetoka shingoni inaelekea kwapani. Mabega ya Mgeni yako sawa kama ubao wa rafu. Na lile bega la Chiriku daktari alishatuambia ni la mfupa, atazeeka nalo.

Nimeshona tangu sijaolewa. Najua nguo ikisema siyo yako.

Binti yangu alikuwa anacheka. Anacheka kwa sauti, meno yote nje, na lile pengo la jino ambalo nilikuwa nimesahau kwamba analo. Mimi ambaye nimemwambia mkuu wa shule mbele ya wazazi kwamba suruali yake imemkata makalio, mimi ambaye sinyamazii hata paka, nilifungua mdomo.

Nikasema, "Vua usilichafue. Chakula tayari."

Ijumaa, tarehe 21
Mpelelezi kachukua mate yao, kajiti kinywani, basi. Kasema si vizuri Mgeni akae hapa kabla ya majibu. Binti yangu akamjibu, "Mtoto atakaa kwao." Mgeni kalala kitanda cha Chiriku, miguu imechungulia nje.

Jumapili, tarehe 23
Picha imerudi ukutani.

Jumanne, tarehe 25
Mgeni hajui kufagia. Anafagia katikati, pembe anaziachia buibui. Nimemwambia. Akafagia upya bila kununa. Hajui kukunja shuka pia, anaviringisha kama chapati. Nimemwambia. Akasema, "Bibi, pale makao mashuka tulikuwa tunayalundika tu, kila mtu anachukua la juu."

Hivyo hakuwahi kuwa na shuka lake. Nimemwonyesha kukunja, pembe kwa pembe. Mara ya pili kapatia.

Alhamisi, tarehe 27
Mvua. Mgeni ametaka kujua. Nilikuwa napiga pasi, yeye ananinyunyizia maji kwenye nguo.

"Bibi, nilikuwa napenda nini?"

"Chiriku alikuwa anapenda kupanga vifungo. Vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo. Akimaliza anavimwaga aanze tena."

"Na nilikuwa naogopa nini?"

"Chiriku alikuwa haogopi kitu. Ndiyo ubaya wake."

Kisha akasema, "Bibi, mbona husemi 'ulikuwa'? Mama anasema 'ulikuwa'. Wewe unasema 'Chiriku alikuwa'."

Nikamwambia mimi sikusoma, naongea ninavyojua, na maji anayomwaga ni mengi, anataka niipige nguo pasi au niichemshe? Akacheka. Lakini alinitazama.

Jumamosi, tarehe 29
Muuza mkaa na Mgeni kibarazani wanapiga soga. "Mwanangu, ukikaa na huyo bibi mwezi mmoja, jeshini utaenda kupumzika." Wamecheka wote. Nimewasikia. Nimeongeza maji kwenye chai, yao ikawa nyepesi.

Jumatatu, tarehe 31
Mgeni kaniambia pale makao watoto wote waliookotwa walipewa siku moja ya kuzaliwa. Keki moja, wimbo mmoja, majina yote yanatajwa kwa foleni. "Sijawahi kuwa na tarehe yangu, bibi. Mama kaniambia yangu ni ya mwezi wa sita."

Tarehe hiyo ina mwenyewe.

Jumatano, tarehe 2, mwezi wa nne
Kila siku nasema leo nitamwambia binti yangu. Kila siku anarudi na mkate wa moto kifuani chini ya koti usilowe, anaita tangu kona ya barabara. Miaka kumi na moja alikuwa akiingia nyumba hii kama anayeingia wodini. Nitamwambia kesho.

Alhamisi, tarehe 3
Sijamwambia.

Jumamosi, tarehe 5
Leo Mgeni kamuuliza binti yangu jambo ambalo mimi sijawahi kumuuliza. Walikuwa jikoni, mimi kwenye cherehani, mlango wazi. Kamuuliza hivi hivi, kama anayeuliza chumvi iko wapi: "Mama, siku ile ilikuwaje?"

Mguu wangu ukaacha kukanyaga.

"Mvua ilianza asubuhi," akasema. "Nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia nina mtoto shuleni, paa lao bovu, niruhusu nitoke. Akasema kila mtu hapa ana mtoto. Nikarudi kufunga mikate. Baada ya muda nikaenda tena. Akasema nikitoka nisirudi. Nikarudi kufunga mikate."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kuomba ruhusa ukanyimwa kunamrudisha mtoto?"

Aliomba mara mbili.

Nimeketi na gauni la mtu mapajani mpaka mchana ukaisha. Sindano imebaki ndani ya kitambaa. Nilikuwa na hakika na jambo ambalo sikuwahi kuliuliza. Sina cha kuandika zaidi.

Jumapili, tarehe 6
Nimempikia binti yangu uji kabla hajaamka. Kauliza, "Mama, unaumwa?"

Jumanne, tarehe 8
Mvua imebeba daraja la miguu. Wateja hawavuki. Mgeni kapanga vifungo vyote vya kopo, kisha akavirudisha pamoja kwa mpangilio, vikubwa chini. Hakuvimwaga. Chiriku angevimwaga.

Ijumaa, tarehe 11
Nimemkuta binti yangu peke yake chumbani, gauni liko magotini, anapitisha kidole juu ya mshono wa bega la kushoto. Anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Nikadhani anafurahia kazi yangu. Nikaondoka kwa ncha za vidole.

Jumatatu, tarehe 14
Nimeanza gauni jipya, la Mgeni. Nimempima mwenyewe, mabega na yote. Kachagua kitambaa cha rangi ya chungwa. Nikamwambia rangi hiyo inaonekana mpaka mwezini. Akasema, "Ndiyo maana, bibi. Nionekane."

Alhamisi, tarehe 17
Majibu.

Mpelelezi kaja peke yake, kavua viatu, hakukaa. Nilijua kwa kutokaa kwake. Akasema maneno yake polepole, kama anayeshusha kitu cha kuvunjika: vinasaba havilingani. Mgeni si mtoto wa binti yangu. Jalada la Chiriku linabaki wazi. Akasema pole, na sikumuuliza ni ipi.

Nilimtazama binti yangu, nikajiandaa kumdaka. Hakuanguka. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Aliyeanguka ni Mgeni. Si kwa mwili. Alikuwa amesimama karibu na kabati, akaanza kuondoa vitu vyake kimoja kimoja: kitana, taulo, kikombe alichopewa. Kikombe akakirudisha kwenye rafu, akakigeuza mdomo chini kama nilivyomfundisha.

"Samahani, bibi," akasema. "Samahani, m..." Hakujua tena amwite binti yangu nani.

Nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea, sijui namna nyingine. "Samahani ya nini? Umeiba? Umevunja sahani? Kaa chini, ule, hakuna anayefukuzwa humu na njaa."

Akakaa. Akala akilia, mchuzi na machozi sahani moja. Binti yangu akaketi pembeni yake, akamshika mgongo kwa kiganja. Hakumwita mwanangu. Hakumwita chochote. Alimshika tu mgongo mpaka sahani ikaisha.

Mpelelezi alipoondoka na Mgeni alipojilaza, tukabaki wawili, mimi na binti yangu, vyombo mbele yetu.

"Nilijua, mama," akasema.

"Ulijua nini?"

"Bega." Alikuwa anasuuza sufuria, hakugeuka. "Alipotoka chumbani na lile gauni, nikasema unaona, unaona, huku naona. Kola ilivutwa upande."

Nikakaa kwenye kigoda. "Na mimi niliona."

"Najua uliona. Ulisema chakula tayari, na jiko lilikuwa halijawashwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema? Wewe? Wewe uliyemwambia mwenye nyumba meno yake ya bandia yamekaa kinyume?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, naye akacheka, sufuria ikamponyoka ikapiga sakafu kelele za kuamsha mtaa. Kisha ikawa si kucheka tena.

"Nilikuwa nakuona ukicheka," nikamwambia. "Nikasema nisubiri kidogo."

"Na mimi nilikuona unamfundisha kukunja shuka. Nikasema mama naye amepata. Nisubiri kidogo." Akajifuta pua kwa mkono wenye povu. "Nilimwogesha yule mtoto miaka saba, mama. Bega lile nilikuwa nalianza la kwanza kwa sabuni. Ulidhani nimelisahau?"

Nilidhani hivyo. Nimeandika hivyo humu, kurasa za nyuma, kwa mkono wangu. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani alizosuuza, kazi ambayo sijamsaidia tangu awe mtu mzima.

Ijumaa, tarehe 18
Nimemalizia gauni la chungwa. Nimemwekea upindo mpana kwa ndani. Mgeni akauliza, "Bibi, mimi nitarefuka tena?" Nikamwambia hujui.

Jumamosi, tarehe 19
Ameondoka. Ana rafiki aliyemtafutia kazi ya usafi kwenye hoteli fulani. Binti yangu kamfungia mikate kana kwamba anavuka jangwa. Alivaa gauni jipya, mabega yamekaa, kola haijapinda hata uzi. Muuza mkaa akapiga kigelegele kibarazani, kisha kikamfia mdomoni katikati.

Nimemwambia njia anaijua. Kasema ndiyo, bibi. Barabarani rangi ya chungwa ilionekana mbali kweli, mpaka kona ya mwisho. Binti yangu alisimama akitazama hata baada ya kona.

Jumatano, tarehe 23
Mvua imepungua. Magunia yameondoka kibarazani, yameacha vumbi jeusi.

Jumanne, tarehe 29
Mgeni hajapiga simu. Simlaumu. Akipiga atatuita nani?

Jumapili, tarehe 4, mwezi wa tano
Jua. Nimeanika magodoro. Gauni la kijani nimelikunja, nimelirudisha sandukuni bila kuongeza kipande. Hakuna mtoto wa shule tena wa kuvaa. Nilifunga sanduku nikakaa juu yake.

Jumamosi, tarehe 10
Binti yangu karudi kutoka kazini na mfuko. Ndani kuna kitambaa, si cha kijani. Cha bluu, maua madogo meupe, kitambaa cha mwanamke mtu mzima. Akakiweka juu ya cherehani.

"Cha nani?" nikauliza, na huku najua.

"Mwanamke wa miaka kumi na minane akirudi nyumbani, mama, atavaa nini? Sare?"

Akamwita binti wa muuza mkaa mwenyewe, kwa kupaza sauti dirishani. Yule akaja, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono, mara hii bila maswali. Binti yangu hakuondoka chumbani. Alishika ncha moja ya tepu, mimi nikashika nyingine. Kifua, kiuno, mgongo. Binti wa muuza mkaa alipomaliza akasimama kidogo mlangoni, akasema, "Bibi fundi, mimi mwavuli ule mpaka leo sijui rangi yake. Kila mvua nikifumba macho nautafuta." Binti yangu akamwendea, akamshika kichwa. "Ulikuwa mtoto," akamwambia. "Nenda nyumbani, mama yako anakusubiri."

Tukatandika kitambaa mezani. Nikachora kwa chaki. Shingo, kwapa, ubavu. Nikafika bega la kushoto, nikaweka kidole changu kama siku zote, nikachora chini ya kidole.

"Kimoja na nusu, mama."

"Kimoja. Nani fundi humu ndani?"

"Nani mama yake?"

Akaweka vidole vyake juu ya kitambaa, kimoja kizima na nusu ya kingine, bila kupapasa, kama anayegusa bega lenyewe, mtoto akiwa amesimama kwenye beseni na povu.

Nikafuta chaki. Nikachora pale aliponionyesha.